Tulianzia kwenye vifungo vya shati

Binti yangu ana tatizo la uratibu wa mwendo. Misuli yake ina nguvu za kutosha, akili yake iko sawa, macho na masikio hayana kasoro, lakini kazi za mwili ambazo watoto wengine hujifunza kwa kutazama tu, yeye huzipata kipande kwa kipande, tena kwa kurudia sana. Kufunga vifungo, kudaka mpira, kuandika juu ya mstari, kushuka ngazi bila kushika ukuta, kila kimoja kimedai muda wake. Wataalamu huliita tatizo la ukuaji wa uratibu wa mwendo, na wengine hulijua kwa jina la dispraksia. Hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule. Darasa la watoto 40 huenda lina wawili, na mara nyingi hakuna aliyewatambua. Wanaitwa goigoi, wazembe, wazito.

Naandika kwa ajili ya wazazi wa watoto hao, na pia walimu wao. Kuna mambo tuliyoyajua baada ya kuzunguka sana, kutumia fedha nyingi na kulia mara kadhaa, ambayo mtu angeweza kutuambia siku ya kwanza.

Alipokuwa mchanga alikuwa mtulivu mno. Alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa, kisha akabaki muda mrefu akisimama dede bila kuthubutu kupiga hatua. Kila nilipouliza nilijibiwa kwamba atakua tu, hata baba yake alichelewa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni gumu kulipinga. Watoto wanatofautiana sana. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha takwimu za watoto wenye afya njema kutoka nchi kadhaa, zikaonyesha kwamba wapo wanaotembea wenyewe wakiwa na miezi 8 na kidogo, na wapo wanaongoja mpaka miezi 17 na nusu. Baadhi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea vizuri tu. Binti yangu alitembea akiwa karibu na ukingo wa mwisho wa muda huo, kwa hiyo kwenye karatasi hakuwa na tatizo.

Daktari wa watoto tuliyempata baadaye alinieleza kwamba umri wa hatua ya kwanza peke yake hausemi mengi. Anachokiangalia yeye ni namna mtoto anavyojongea na kama anasonga mbele mwezi hadi mwezi. Alinitajia pia dalili ambazo hazistahili kusubiriwa hata kidogo. Mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao. Mtoto anayetumia mkono mmoja waziwazi na kuuacha mwingine kabla hajatimiza mwaka. Mtoto aliyekakamaa sana au aliyelegea sana. Mtoto aliyefikisha miezi 18 bila kutembea. Na mtoto, hasa wa kiume, anayeinuka kutoka sakafuni kwa kujisukuma na mikono juu ya mapaja yake, kana kwamba anajipanda mwenyewe, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa misuli na inahitaji kupimwa damu mapema. Ukiona mojawapo, mpeleke mtoto mara moja, usingoje tarehe ya kliniki.

Kwetu sisi tatizo lilijitokeza vizuri alipofikisha miaka mitatu, minne. Alijikwaa mahali pasipo na kitu. Kikombe kikimkaribia mdomoni kilimwagika. Alivaa shati mbele nyuma na viatu kushoto kulia, na alipoambiwa abadilishe, alivaa tena vilevile. Asubuhi za kwenda shule zilikuwa vita. Bibi yake aliona nimemdekeza. Mwalimu wa chekechea aliandika kwamba ana uwezo ila hajitumi. Neno hilo la kutojituma liliniuma kwa sababu nilikuwa namwona nyumbani akihangaika na soksi moja mpaka jasho linamtoka.

Kisha akaanza kukataa. Hataki kucheza mpira, hataki kuchora, hataki kwenda kwenye bembea. Nawaomba wazazi waitazame sana hatua hii, maana inaficha tatizo. Mtoto akishajua kwamba atashindwa mbele ya wenzake, anatafuta sababu za kukaa pembeni, na watu wazima wanaamini kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Anakosa mazoezi ambayo wenzake wanayapata bure kila siku uwanjani, na pengo linaongezeka. Ukisikia mtoto mdogo anasema mchezo fulani ni wa kijinga, chunguza kama anauweza.

Tulianza kwa daktari wa watoto, na hapo ndipo pa kuanzia. Alimpima macho na kusikia, akaangalia viungo kama vinapinda kupita kawaida, akapima nguvu za misuli na namna miguu inavyoitikia akigongwa chini ya goti. Aliniuliza kuhusu ujauzito na kuzaliwa, kwa sababu watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupata tatizo hili zaidi ya wengine. Alitaka kuhakikisha kwamba hakuna mtindio wa ubongo wala ugonjwa mwingine wa neva. Baada ya hapo ndipo alipotuelekeza kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Kipimo chenyewe kilimfurahisha mwanangu, jambo ambalo sikulitarajia. Alipachika vijiti kwenye matundu huku akihesabiwa muda, akarusha kifuko kidogo kwenye shabaha, akadaka, akasimama kwa mguu mmoja, akatembea juu ya mstari. Alama zinalinganishwa na za watoto wa umri wake. Ukisikia mtaalamu anasema mtoto yuko kwenye asilimia 5, maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wa umri ule, kama 95 wanamzidi. Haimaanishi amepata alama 5 kwa 100 kama za mtihani. Mume wangu aliielewa hivyo, na alikaa kimya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Namba hizo hazitoshi peke yake. Wanaozingatia vigezo vya kimataifa hujiuliza mambo manne: je, uwezo wa mwendo uko chini ya umri, je, unamkwamisha kwenye maisha ya kila siku, nyumbani, shuleni na michezoni, je, dalili zilianza utotoni, na je, hakuna maelezo mengine yanayofaa zaidi, kama vile uoni hafifu, ulemavu wa akili au ugonjwa wa neva. Kwa sababu hiyo ni vizuri uende na mifano yako imeandikwa. Usiseme tu kwamba ni mzito. Sema anachukua muda gani kuvaa, ni vifungo gani vinamshinda, anaanguka wapi na wapi. Mimi nilichukua pia video fupi za simu, akivaa, akila kwa kijiko, akipanda ngazi, na mtaalamu alizitazama zaidi ya alivyonisikiliza mimi. Jambo jingine la kujua ni kwamba wengi hawapendi kutoa jina la tatizo hili kabla mtoto hajafika miaka 5, kwa kuwa watoto wadogo hubadilika haraka. Hilo lisikuzuie kutafuta msaada akiwa na miaka mitatu. Kumsaidia hakuhitaji jina.

Siku tulipoambiwa jina nilipata nafuu na huzuni kwa pamoja. Nafuu, kwa kuwa mtoto hakuwa mvivu na mimi sikuwa mama aliyeshindwa kumfunza. Huzuni, kwa sababu mtaalamu alisema wazi kwamba hali hii haiishi kama homa. Wengi huwa nayo hata ukubwani, ila hujifunza kuishi nayo vizuri. Mimi na baba yake tulipitia kipindi cha kutafutana lawama, nani alimbeba sana, nani alimnunulia kigari cha kusukuma. Hakuna kati ya hayo yanayoleta tatizo hili. Watafiti wengi wanalieleza hivi: mtu anapotaka kushika kikombe, ubongo hutabiri mkono utafika wapi na utahisi nini, kisha husahihisha mwendo hata kabla haujaisha. Kwa watoto hawa utabiri huo ni dhaifu, hivyo usahihishaji unachelewa, na kikombe tayari kimeshagongwa. Nilipoelewa hivyo niliacha kabisa kumwambia "kuwa makini". Alikuwa makini kuliko sisi wote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miezi ya mwanzo tulifanya mazoezi ya mwili kwa jumla. Tulikwenda kituoni kila wiki. Alilala juu ya mpira mkubwa, akasimama kwenye ubao unaoyumba, akasuguliwa mikono kwa brashi laini. Wazo lilikuwa kwamba tukiujenga mwili na hisia zake, mengine yote yatafuata. Nauli, ada, ruhusa za kazini na mdogo wake kuachwa kwa jirani, vyote hivyo vilituelemea. Na baada ya muda wote huo, alikuwa hodari kweli kwenye ubao unaoyumba. Alisimama juu yake kuliko mimi. Asubuhi ikifika, vifungo vya shati vilikuwa vilevile.

Mtaalamu wa pili tuliyempata alituuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza, na hakutuuliza sisi, alimuuliza mtoto: "Wewe unataka kuweza nini?" Binti yangu akajibu papo hapo kwamba anataka kujifunga shati mwenyewe, ili wenzake wasimwone akifungwa na mwalimu baada ya michezo. Sikuwa najua kwamba hilo ndilo lililokuwa linamkera. Tulianzia hapo.

Njia aliyoitumia ilitengenezwa Canada na Helene Polatajko na Angela Mandich, na msingi wake ni kwamba mtoto ajifunze kazi yenyewe anayoitaka, huku akifikiri mwenyewe namna ya kuifanya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 kuhusu tatizo hili unasimamia upande huohuo: mazoezi yalenge shughuli halisi za mtoto. Anayetaka kuendesha baiskeli afanye mazoezi juu ya baiskeli. Ubao unaoyumba humfundisha mtoto ubao unaoyumba.

Kuna hatua nne ambazo mtoto anazikariri mpaka zinakuwa zake: lengo, mpango, tenda, kagua. Nitaeleza tulivyozitumia kwenye vifungo, maana ndivyo nilivyoelewa.

Lengo alishalitaja. Mtaalamu akamwekea shati mezani, lenye vifungo vikubwa, akamwambia afunge kimoja huku sisi tunatazama tu. Akashindwa. Mimi nikanyoosha mkono kumsaidia. "Mama, usimshike," mtaalamu akaniambia kwa upole, "mwache atuambie kwanza kimekwama wapi." Kisha akamuuliza mtoto: kifungo kilikuwa kimelala au kimesimama kilipofika kwenye tundu? Binti yangu akakitazama. Akakigeuza. Akakipeleka tena kikiwa bapa, kikagoma. Akasema, "Kimelala, ndiyo maana hakipiti." Basi afanyeje? Akafikiri kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana, akasema, "Kiingie kwa ubavu."

Huo ukawa mpango wake, kwa maneno yake. Kiingie kwa ubavu. Akatenda, kifungo kikapita nusu, kikarudi nyuma. Wakakagua: mpango umefanya kazi? Nusu. Ile nusu nyingine imeshindwa na nini? Akagundua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umelegea, hauna kazi. Akaongeza kwenye mpango wake: "Kiingie kwa ubavu, mkono mwingine ukivute." Safari hiyo kilipita. Hakushangilia. Alikifungua, akakifunga tena kuhakikisha.

Nyumbani tulifanya hivyohivyo, dakika chache asubuhi na chache jioni, kwenye shati halisi ambalo angelivaa. Kwanza shati likiwa mezani, kisha likiwa limevaliwa na mimi, kisha mwilini mwake. Kila hatua kati ya hizo ni ugumu mpya, kwani shati likiwa mwilini mwake anakiona kifungo kutoka juu. Nilimwachia kwanza kifungo cha mwisho tu, mimi nikifunga vingine, ili amalize yeye. Kisha viwili vya mwisho. Kumwachia mtoto kipande cha mwisho kunampa ushindi kila siku, na mpaka leo ndiyo mbinu ninayowaambia watu kwanza, iwe ni soksi, zipu au kuandika jina. Shati la shule lilichukua wiki nyingi. Lakini lilipokubali, sweta na suruali zilifuata kwa muda mfupi, kwa sababu maneno ya mpango alikuwa nayo tayari.

Mengine nitayapitia haraka. Kudaka tulianza na puto, kwa kuwa linashuka polepole na macho yanapata muda. Kisha mpira mkubwa mwepesi unaodunda, halafu unaorushwa kutoka karibu, na mwisho mdogo. Nilikuwa naona mikono yake inafunga mpira ukiwa umeshapita; mpango wake ukawa kutazama mpira mpaka uguse tumbo. Baiskeli tuliitoa pedali, tukashusha kiti mpaka nyayo zake zote zikakaa chini, akawa anajisukuma kwa miguu na kuteleza. Alipoweza kuteleza umbali mzuri bila kugusa chini ndipo tukarudisha pedali. Magurudumu ya pembeni tuliyaacha kabisa, kwani yanambeba mtoto na usawa haujifunzi. Viatu vya kamba tuliviweka kando kwa miaka miwili na kununua vya kubandika, na sioni ubaya wowote. Nguvu za mtoto ni chache. Zipelekwe kwenye kile anachokitaka.

Kuandika kulikuwa kugumu kuliko vyote, na bado ni kugumu. Anza na kiti. Miguu ikining'inia, mwili mzima unahangaika kujishikilia na mkono haupati utulivu. Tuliweka boksi gumu chini ya nyayo zake, na siku hiyohiyo herufi zilipungua ukubwa. Karatasi ibandikwe ili isikimbie. Ubao wa kuandikia ulioinuka kidogo upande wa mbali unasaidia kifundo cha mkono. Kwa watoto wadogo, kalamu fupi za rangi zinawalazimu kushika kwa ncha za vidole. Yetu ilikuwa dakika kumi hivi kwa siku, kisha yeye mwenyewe anachagua herufi tatu alizoziandika vizuri na kuzizungushia duara. Hatukuwahi kuhesabu mbaya.

Shuleni kulihitaji maneno mengi. Mwalimu mmoja alinijibu kwamba hawezi kumpendelea mtoto mmoja, na nilitoka pale nikitetemeka kwa hasira. Baadaye nilikuja kugundua kwamba barua fupi inafanya kazi kuliko mazungumzo marefu. Niliandika ukurasa mmoja: anaweza nini, kinamshinda nini, na mambo manne tunayoomba. Apewe muda zaidi wa kuandika, au aandike maswali machache zaidi. Apimwe kwa anachokijua, mwandiko upimwe kivyake. Asichaguliwe wa mwisho kwenye timu mbele ya wote. Na maelekezo apewe moja baada ya jingine. Niliambatisha karatasi ya mtaalamu. Mwalimu wa mwaka uliofuata aliibandika ndani ya kabati lake. Tangu hapo kila mwaka naiandika upya, na siku hizi binti yangu ndiye anayeniambia nini nitoe na nini niongeze. Kuandika kwa kompyuta kumemfungulia mlango mkubwa, lakini nako kulihitaji kufundishwa kama vifungo. Usidhani mtoto atajua kuchapa kwa kuwa tu amekalia kompyuta.

Kwenye benchi la kusubiria nilikutana na mama ambaye mwanawe ana mtindio wa ubongo upande mmoja wa mwili, na tukawa marafiki. Hali zetu zinatofautiana sana. Mwanawe alihitaji vifaa vya miguu, na huko madaktari hutumia mfumo wa ngazi 5 uliotolewa mwaka 1997 na Robert Palisano, Peter Rosenbaum na wenzao, ngazi ya 1 ikiwa ya mtoto anayetembea bila kizuizi kikubwa na ya 5 ya anayehitaji kusukumwa kwenye kiti. Ngazi hiyo inasaidia kujua nini cha kutarajia na nini cha kukagua. Kwa watoto wasiotembea, kwa mfano, nyonga zinaweza kuteguka kidogo kidogo bila mtoto kulia, hivyo ni lazima zipigwe picha ya eksirei kwa ratiba. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo aulize kuhusu nyonga hata kama hakuna aliyezitaja.

Hata hivyo, tulipolinganisha tuliyofundishwa, mengi yalikutana. Mwanawe alivalishwa glovu kwenye mkono wenye nguvu kwa vipindi maalumu, ili mkono dhaifu ufanye kazi za kweli, kushika, kuvuta, kufungua mikebe ya vitu anavyovipenda. Na yeye pia aliambiwa aanze na anachokitaka mtoto. Huyohuyo Rosenbaum, pamoja na Jan Willem Gorter, waliandika mwaka 2012 kwamba anayemhudumia mtoto mwenye ulemavu akumbuke mambo sita: kazi anazoweza kuzifanya kwa namna yake, familia, afya ya mwili, furaha, marafiki na maisha ya baadaye. Rafiki yangu aliyaandika kwenye mlango wa jokofu. Alisema kwa miaka yote alikuwa ameshughulikia mguu wa mtoto, akasahau kumtafutia rafiki.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Kuna watu wengi wanaouza matumaini. Tuliletewa mashine za kutetemesha misuli, miwani ya rangi, virutubisho, na kozi za gharama zilizoahidi kuupanga upya ubongo. Siku hizi nina maswali ninayomuuliza kila anayetaka kumtibu mwanangu. Lengo ni lipi, na ni shughuli gani ya nyumbani itakayobadilika? Tutajuaje kama imesaidia, na baada ya muda gani tutaacha isiposaidia? Mimi nitafanya nini nyumbani? Mtaalamu mzuri anayapenda maswali hayo. Anayekasirika au anayeniambia niamini tu, simrudii. Na kama uwezo wa kifedha ni mdogo, mweleze mtaalamu hivyo mwanzoni. Wetu alikubali kutuona kwa nafasi, mara chache lakini kwa maelekezo ya kina, na kazi kubwa tukaifanya sisi nyumbani. Matokeo hayakupungua.

Moyo wa mtoto unahitaji uangalizi sawa na mikono yake. Watoto wa aina hii hupata wasiwasi na huzuni zaidi ya wenzao, na wengi wana shida ya kutulia na kumakinika pamoja na hii ya mwendo. Binti yangu alikuwa na kipindi ambacho tumbo lilimuuma kila siku ya michezo. Tulimpeleka kwa mshauri nasaha, na hilo lilikuwa na thamani kuliko mazoezi yoyote ya mwaka ule. Mdogo wake naye alianza kulalamika kwamba hakuna anayemwona. Ikabidi tumtengee muda wake, bila dada, bila vifungo. Mimi nililala vibaya kwa muda mrefu na sikumwambia mtu. Waambie watu. Dada yangu alipojua, alichukua jioni moja ya kila wiki, na nyumba ikapumua.

Jambo moja wazazi wengi tunalipuuza ni afya ya mwili kwa jumla. Mtoto anayekwepa michezo anakaa sana, anachoka upesi na uzito unapanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na hakuna aliyesema lazima iwe timu ya mpira. Kwetu kuogelea ndiko kulikokubali, kwa mwalimu mmoja na kundi dogo, kwa kasi yake. Anatembea sana na baba yake. Kuruka kamba kumegoma kabisa na tumeachana nako.

Sasa anataka kujisuka nywele mwenyewe. Amelichagua lengo hilo bila kuulizwa. Tumefunga kamba tatu za rangi tofauti kwenye mgongo wa kiti, na mpango wake wa sasa ni "ya pembeni ipande katikati, kisha ya pembeni nyingine." Anasuka kwenye kamba bila kukosea, na kwenye nywele zangu anaanza kupata. Zake atazianza kwa mbele, mahali anapojiona kwenye kioo. Za kisogoni zitasubiri, maana huko itabidi vidole vifanye kazi bila macho.